Mtani Hakasiriki

Mtu akikuambia kisasi ni kichungu, mwulize kama amewahi kuletewa dafu na mke wa adui yake, saa nne asubuhi, yeye amejilaza kwenye kiti cha kamba na miguu iko mchangani. Mimi nimeletewa. Nililinywa lote, nikarudisha ganda, nikasema, "Lete lingine, mtani." Scolastica akaenda kuleta lingine.

Hiyo ilikuwa Julai ya mwaka tisini na tano, Msambweni, pwani ya Kenya. Nyumba yenyewe ilikuwa ndogo: vyumba sita vya makuti, bahari mbele, mwenye nyumba na familia yake wanaishi nyuma. Langoni wameandika TULIA GUEST HOUSE. Niliposhuka na begi langu na kukisoma kile kibao, nusura niking'oe. Tulia lilikuwa jina la nyumba yangu. Marehemu mume wangu, Kibwana, ndiye aliyelitunga tulipojenga Mikumi kando ya barabara ya Iringa, vyumba vinane vya matofali ya kuchoma. Budeba alinichukulia nyumba, kisha akaondoka na jina.

Alinichukulia kwa kicheko. Sisi Wasagara na wao Wasukuma ni watani tangu enzi za misafara ya mababu. Mtani wako anaweza kukuita mtumwa wake mbele za watu, akala chakula chako bila kukaribishwa, na ukifiwa akaja kukuchekesha huku unalia. Wewe huna ruhusa ya kukasirika. Ukikasirika, aibu ni yako. Budeba alipohamia Mikumi na ng'ombe wake, yeye na Kibwana walipendana kwa matusi tu. Haikupita siku bila kusikia sauti yake barabarani: "Kibwana, mtumwa wangu, mla maboga, umeamka?"

Kibwana alifariki mwaka themanini na nane. Msibani Budeba aliwashinda watani wote. Alivaa koti la marehemu, akaketi kwenye meza ya mapokezi, akawa anakohoa kama Kibwana na kuwaandikisha waombolezaji kama wageni. "Unataka chumba cha mtu mmoja au wawili? Maji ya moto hakuna, mwenye nyumba amesafiri." Watu walishika mbavu. Hata mimi, niliyekuwa ndani na wanawake, nilicheka na machozi yakinitoka. Mara akaja mlangoni kudai funguo. "Bwana mpya anataka funguo za nyumba yake!" Nikamrushia kitita chote kwa mkono wangu mwenyewe. Kwetu mtani akichukua kitu msibani hunyang'anyani naye. Matanga yakishaanuliwa unamwendea mwenyewe, mbele ya watu, unakikomboa kwa zawadi ndogo na kucheka kidogo, naye anakurudishia mkononi.

Mimi nikaingia eda. Miezi minne na siku kumi sikutoka nje ya ua. Ndani ya miezi ile wakaja wapima viwanja, maana biashara zilikuwa zimefunguliwa na kila mwenye nyumba barabarani alitakiwa awe na hati. Wakauliza, mbele ya watu, mwenye nyumba hii nani? Budeba, na funguo kiunoni, akajibu, "Ni mimi." Watu wakacheka. Hakuna hata mmoja aliyesema sivyo. Wapimaji, ambao hawakuwa wenyeji, wakaandika walichoambiwa.

Nilipotoka eda akanionyesha karatasi yenye jina lake. "Mtani hakasiriki," akaniambia. Nikapeleka malalamiko kwa wakubwa wa mtaa, wakasema hayo ni mambo ya watani, mkayamalize wenyewe. Ukicheka na nyani utavuna mabua. Mikumi nzima ilicheka na nyani, ila mabua nilivuna mimi peke yangu. Mwaka uliofuata Budeba akaiuza nyumba kwa mtu wa Iringa, akahama na familia yake alfajiri bila kuaga.

Miaka saba nilipika wali na maharage pale njia panda ya Dumila, wilayani Kilosa, kwa abiria wa Dodoma, na miaka yote hiyo nilitaka jambo moja tu. Nyumba ilikwishauzwa, hairudi. Nilitaka Budeba arudi Mikumi, asimame mbele ya walewale waliocheka, aseme kwa kinywa chake: sikutania, niliiba. Basi. Siku dereva mmoja wa lori aliponiambia, huku anamaliza sahani yake, kwamba amemwona mtani wangu Msambweni ana nyumba ya wageni na kitambi, nilifunga banda mchana uleule.

Nilipofika Budeba hakuwepo. Alikuwa Mombasa kununua magodoro. Aliyenipokea ni binti yake, Letisia. Nilimwacha ana miaka kumi na mitatu, mguu mwembamba, kila jioni yuko jikoni kwangu anakomba sufuria. Sasa alikuwa mwanamke wa miaka ishirini. Alinitambua kabla sijafungua mdomo.

"Shangazi Mwamvua! Shikamoo shangazi!" Akapiga goti mchangani, kisha akanirukia shingoni.

"Marahaba, mwanangu. Nimekuja kupumzika wiki moja."

"Mama! Mama, njoo uone nani amekuja!"

Scolastica alitoka jikoni anajifuta mikono. Aliponiona, mikono ikaendelea kujifuta ingawa ilikwishakauka. Huyo alijua. Alikuwemo nyumbani siku ile ya karatasi, alikuwa ndiye aliyemshonea mumewe kifungo cha lile koti kilipokatika. Letisia hakujua kitu. Kwake yeye baba alinunua nyumba Mikumi, akaiuza, wakahama.

Nilipewa chumba cha pembeni kinachotazama maji. Na nilipumzika kweli, kwa nini niseme uongo? Tangu nizaliwe kule kwetu Kilosa, kijiji kinachoitwa Ulaya, sikuwahi kupikiwa siku mbili mfululizo bila ya kuwa mgonjwa. Asubuhi mahamri na mbaazi za nazi. Mchana samaki wa kupaka. Nililala mpaka jua likaniunguza miguu dirishani. Niliingia baharini na kanga yangu, nikakaa kwenye maji ya kina cha magoti kama mtoto kwenye beseni, na mawimbi yakanipiga mgongo taratibu mpaka maumivu ya miaka saba ya kuinamia mafiga yakalegea. Asubuhi moja nilisahau kuchukia tangu chai inaletwa mpaka kikombe kinaisha. Nilipokumbuka nilijikasirikia, nikaomba chai nyingine ili niinywe huku ninachukia.

Nilitazama pia. Nilichokiona ni kwamba nyumba ile ilisimama juu ya mgongo wa Letisia. Yeye ndiye aliyepika, yeye aliyejua mgeni gani hali pilipili, yeye aliyeongea na wavuvi, akapanga na maua mezani. Kulikuwa na mke na mume, walimu wastaafu wa Nakuru, waliokuja kila mwaka kwa ajili yake. "Huyu msichana asipokuwepo," yule mwalimu mwanamke aliniambia, "sisi hatuji tena." Nikalihifadhi neno lile.

Siku ya pili Scolastica alikuja na lile dafu, akakaa chini kando ya kiti changu.

"Mtani, umekuja kufanya nini?"

"Kupumzika. Kibao chenu si kinasema Tulia? Nimetulia."

"Tunaweza kuzungumza sisi wanawake."

"Tulikuwa wanawake hata wakati ule, Scolastica. Nilikuwa ndani ya ua siku mia na thelathini. Ulikuja mara ngapi kuzungumza?"

Akainuka na ganda lake.

Budeba alirudi siku ya tatu, juu ya gari la magodoro. Alikuwa amenenepa. Aliponiona barazani alisimama, mguu mmoja chini na mmoja bado garini. Kisha akafanya nilichojua atafanya. Akacheka kwa sauti kubwa, akanyoosha mikono.

"Mtumwa wangu wa Kilosa! Nani amekufungulia kamba?"

"Nimeikata kwa meno. Ningetoa taarifa kwamba nakuja, ungekimbilia Somalia!"

Wale walimu walikodoa macho. Letisia akawaeleza, kwa furaha, maana ya utani, kwamba hawa ni watani na lazima watukanane, na hakuna kukasirika. Mwalimu mwanamume akasema kwao hawana kitu kizuri kama hicho. Nikamwambia akae, atakiona vizuri zaidi wakati wa chakula.

Tulikula mchana ule meza moja. Nilisubiri samaki agawiwe, nikaanza. Niliwasimulia yote, mwanzo mpaka mwisho, kwa sauti ya utani. Nilikohoa kama Budeba alivyokohoa akimwiga marehemu. Niliigiza wapimaji wa viwanja na kalamu zao masikioni. "Mwenye nyumba nani? Ni mimi! Na mjane yuko wapi? Yuko ndani anahesabu siku!" Mwalimu mwanamke alicheka mpaka akaweka uma chini. Letisia alicheka zaidi ya wote, akampiga baba yake begani. "Baba, kumbe ulikuwa mchekeshaji hivyo!"

Budeba alicheka pia. Angefanya nini? Ukweli wote ulikuwa mezani, umelala kando ya samaki, na yeye analazimika kuuchekea. Jasho lilimtoka juu ya mdomo. Niliona raha. Sikuwahi kuona raha kama ile tangu nimzike Kibwana.

"Sasa ni zamu yangu," nikasema. "Yeye alichukua nyumba, mimi nachukua huyu binti. Anakwenda na mimi Kilosa. Mwenye mali atakuja kumkomboa mwenyewe, Mikumi, mbele ya watu, kama desturi inavyotaka."

"Wiki mbili tu, baba!" Letisia alisimama kabisa. "Tangu tuhame sijawahi kurudi. Nataka nione shule yetu. Mama atapika, wageni ni hawa wawili tu. Baba, mtani ameshanichukua, huwezi kukataa!"

Scolastica alimtazama mumewe. Budeba angeweza kusema hapana. Lakini hapana ilihitaji hasira, na hasira ingehitaji sababu, na binti yake alikuwa amesimama palepale anasubiri kuisikia.

"Mchukue," akasema. "Akirudi amekonda nakudai." Akacheka tena, peke yake.

Kesho yake asubuhi alinifuata majini. Aliacha viatu ufukweni, akaingia na suruali yake mpaka magotini.

"Mwamvua. Nisamehe."

Hakuniita mtani. Ilikuwa mara ya kwanza kulisikia jina langu mdomoni mwake.

"Nilikosa," akasema. "Nilianza kwa mchezo, wallahi. Wapimaji walipoandika nikasema kesho nitawaambia. Kesho ikapita, ikaja nyingine. Nisamehe hapahapa, usimhusishe mtoto."

"Hapa hakuna aliyecheka," nikamwambia. "Waliocheka wako Mikumi. Uje uwaambie wao."

"Letisia akisikia..."

"Mimi sitamwambia. Utamwambia wewe."

Nikamwacha na suruali yake mbichi. Siku tatu zilizobaki nilizitumia kula.

Jumanne tulivuka mpaka kuingia Tanzania, tukalala Tanga, siku ya pili tukafika Dumila. Letisia alilipenda banda langu kuliko nilivyolipenda mimi. Wiki ya kwanza alinitania jinsi nisivyoweka nazi kwenye maharage, wiki ya pili akaweka mwenyewe, na madereva wakaanza kuegesha kwangu badala ya kwa jirani. Sikuwahi kuzaa. Jioni tulipokuwa tunaosha sufuria, akiimba nyimbo za kanisani kwao kwa sauti ya chini ili asinikere, kuna wakati nilikuwa najisahau na kufikiri hakuletwa na kisasi.

Kisha nilimpeleka Mikumi, tumsubiri baba yake kwa Joha, jirani yangu wa zamani, ambaye ua wake unatazamana na ile nyumba. Mtu wa Iringa ameipaka rangi ya bluu. Kina mama wa kisimani hawakuchelewa kumwambia Letisia baba yake alifanya nini. Alirudi kwa Joha mbio, ndoo haijajaa.

"Wanasema baba ni mwizi! Shangazi, si ulisimulia mwenyewe? Ulikuwa utani! Baba akija atawaeleza."

"Ndiyo," nikasema. "Akija atawaeleza."

Ningeweza kumwandaa. Joha alinivuta jikoni, akaniambia, "Mwambie mtoto wewe, kwa upole, kabla hajamsikia mwenyewe." Nilimjibu kwamba upole wangu uliishia kwenye eda. Joha aliniangalia kwa namna ambayo sikuipenda.

Wiki mbili zikapita, ya tatu, ya nne. Scolastica aliandika barua kwamba wale walimu wameondoka kabla ya muda, na kwamba mpishi waliyemwajiri hajui hata kupima chumvi. Nikasoma barua ile mara mbili kwa starehe. Letisia akawa kila basi la Morogoro likisimama anainua kichwa. Wiki ya sita akashuka Budeba. Alikuwa na mbuzi wa kamba, zawadi ya ukombozi, na shati jeupe lililonyooshwa vizuri. Letisia alikimbia mpaka kati ya barabara kumkumbatia.

Ilikuwa Jumapili, saa nne, uani kwa Joha. Niliwaita wote. Walikuja kama watu thelathini, wengine wamevaa za kanisani, wamekaa kwenye mabenchi na mikeka, tayari nyuso zimekunjuka, maana watani wanakomboana na watu wanajua watacheka. Mimi nilikaa benchi la mbele. Letisia alisimama kati yangu na baba yake.

Budeba alianza kwa utani. Mazoea ni kitu kibaya. Alimwinua mbuzi mguu wa mbele, akasema, "Ndugu zangu, msimtazame huyu mbuzi hivyo, ni mjomba wa Mwamvua." Watu wakaanza kucheka. Nikainuka nusu.

"Ukitania tena," nikasema, "ondoka na mbuzi wako."

Kicheko kikakatika.

"Baba, waeleze tu," Letisia akasema. "Waambie ilivyokuwa."

Budeba alimtazama binti yake. Nadhani pale ndipo alipopima: amdanganye, aondoke naye, au aseme. Sitamnyima haki yake. Alisema.

"Sikutania. Walipouliza mwenye nyumba, nilijua ninachojibu. Mlicheka, nikaona nimepata njia. Mwamvua alikuwa ndani na msiba wake. Kibwana alikuwa rafiki yangu kuliko ndugu, na nilimwibia mke wake kabla udongo haujakauka. Niliiba."

Mzee mmoja, ambaye siku ya wapimaji alicheka kuliko wote, akaanza kuchora chini kwa fimbo yake. Wanawake wa kisimani waliangalia miguu yao. Nilikuwa nimeisubiri saa ile kwa miaka saba, na ilikuwa tamu, msinitazame hivyo, ilikuwa tamu mpaka utosini. Nilitamani Kibwana afufuke dakika moja aisikie.

"Nimekombolewa sasa, shangazi?" Letisia aliuliza. Sauti yake haikuwa na kitu ndani.

Desturi inasema aliyechukua ndiye anayerudisha. Nilitakiwa nimshike mkono, nimkabidhi kwa baba yake, watu wapige vigelegele, mbuzi achinjwe.

"Mwanangu, twende nyumbani," Budeba akasema, akanyoosha mkono. "Mama yako anakusubiri."

Letisia aliutazama ule mkono. Akarudi nyuma hatua moja.

"Siji."

"Letisia."

"Nilipigana na watu kisimani kwa ajili yako. Siji, baba. Hata mama alijua?"

Budeba alinigeukia mimi. Aliomba kwa macho, kwa midomo, kwa mikono yote miwili, hakuficha. Letisia naye alinigeukia, na machozi yalikuwa yameanza kushuka. Alikuwa anasubiri niseme. Angenisikiliza. Neno moja tu, baba ni baba, mwanangu, nenda, maneno ambayo kila mwanamke wa umri wangu ameyasema mara mia, na angekwenda naye, na baada ya mwezi au mwaka wangesameheana. Joha alinikoholea kutoka mlangoni. Neno lilikuwa limefika kwenye ulimi wangu.

Nikamtazama Budeba usoni ili ajue kwamba nimelimeza. Kisha nikasogea kwenye benchi, nikapangusa vumbi kwa kanga yangu, na Letisia akaja akaketi.